Daftari la Maswali: Jinsi ya Kulifanya Dawati la Taarifa za Dawa Lifundishe

Simu ya dawati letu la taarifa za dawa, mahali wahudumu wa afya wanapouliza maswali ya dawa, iliita saa nane usiku. Muuguzi wa zamu, wodi ya watoto, alikuwa na kichanga wa siku kumi na tisa mwenye homa. Dripu ya Ringer inatiririka, na kwenye faili daktari ameandika seftriaksoni, antibiotiki ya sindano. "Dada, naweza kuipitishia humo humo?" Nikamwambia hapana, usiichome kabisa, mwamshe daktari, nami nabaki hewani. Ringer ina kalsiamu. Seftriaksoni ikikutana na kalsiamu kwenye damu ya kichanga hufanya chembe ngumu zinazoweza kukwama kwenye mapafu na figo, ndiyo maana mtoto wa siku 28 kushuka chini hapewi dawa hiyo kama anapata, au atahitaji, maji yenye kalsiamu kwenye mshipa. Daktari akabadilisha, akaandika ampisilini na gentamisini.

Siku chache baadaye swali lile lile likatoka wodi ya wazazi. Kabla mwezi haujaisha likatoka kituo cha afya kilichoko nje ya mji. Mara ya tatu nilipoweka simu chini sikulala tena. Nilikuwa nimejibu sawasawa mara tatu, na watu watatu walikuwa wanajua. Wengine wote wanaoandika na kuchoma dawa hiyo katika wilaya yetu walikuwa pale pale walipokuwa.

Wakati huo huo hospitali yetu ilikuwa na mafunzo ya kila mwezi kwa waandika dawa. Mada zilipangwa mwanzoni mwa mwaka, ukumbi unajaa, sahihi zinawekwa, alama za mafunzo endelevu zinaingia. Mwezi ule wa seftriaksoni mada ilikuwa shinikizo la damu. Hakuna aliyekosea. Ni kwamba mtu anayepanga mafunzo na mtu anayepokea maswali hawakuwa wanazungumza, ingawa ofisi zao zimetenganishwa na korido moja. Ninayoyaandika hapa ni jinsi tulivyowakutanisha. Mimi ni mfamasia wa hospitali ya wilaya huku Kusini mwa Tanzania, ninafanya kazi na wateknolojia dawa wawili, na nawaandikia wenzangu walio katika hali kama hiyo: huna idara nzima, huna bajeti, una simu, meza na saa chache.

Anza na daftari, na uliandike vizuri

Vituo vya taarifa za dawa vina umri. Cha Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, kilifunguliwa mwaka 1962, na kazi yake ilikuwa hii hii ya kujibu. Chombo cha kwanza unachohitaji hakijabadilika sana tangu hapo: mahali pa kuandika kila swali. Mimi natumia kaunta buku ya kurasa nyingi, nimeipiga mistari kwa rula. Kompyuta ni nzuri zaidi ukiwa nayo, lakini daftari halizimiki umeme ukikatika.

Andika tarehe na saa. Andika kada ya muulizaji: muuguzi, tabibu, daktari, mteknolojia. Jina liandike pembeni kwa penseli, kwa ajili ya kumrudishia jibu tu. Andika umri wa mgonjwa, uzito, kama ni mjamzito au ananyonyesha, kama figo au ini vina shida, na dawa nyingine anazotumia. Kisha jibu ulilotoa, ulikolitoa, na muda uliokuchukua. Baada ya siku mbili tatu piga simu uulize mgonjwa anaendeleaje, ujaze safu ya mwisho. Safu hiyo watu huiacha tupu kwa sababu ya uchovu. Usiiache, kwa kuwa utakapokwenda kufundisha ndiyo itakayokupa kisa cha kweli cha kusimulia.

Kuna safu mbili ambazo kwangu ndizo moyo wa daftari. Moja ni swali kama lilivyoulizwa, kwa maneno ya muulizaji. Ya pili ni swali lenyewe. Hizi mbili hutofautiana mara nyingi mno. Tabibu mmoja alinipigia: "Dozi ya siprofloksasini kwa mtoto wa kilo tisa ni ngapi?" Ningeweza kumtajia hesabu tukamaliza kwa nusu dakika. Nikamuuliza mtoto anaumwa nini. Anaharisha tangu jana. Kuna damu? Hakuna, majimaji tu. Basi swali halikuwa dozi. Mtoto wa miezi minane anayeharisha majimaji, hana damu kwenye choo, anahitaji ORS na zinki miligramu 20 kwa siku, siku kumi hadi kumi na nne, na aendelee kunyonya. Siprofloksasini ina kazi yake pale damu inapoonekana. Kwenye safu ya kwanza niliandika "dozi ya sipro, kilo 9". Kwenye ya pili niliandika "anadhani kuharisha kwa majimaji kunahitaji antibiotiki". Safu ya pili ndiyo inayofundishika. Ukiandika ya kwanza tu, mwisho wa mwezi utaona maswali arobaini yasiyofanana na hutajua ufundishe nini.

Kwa hiyo jizoeze kuuliza kabla ya kujibu, na uulize kwa upole. Mtu aliyepiga simu amekiri kuwa hajui, na hilo katika kazi yetu si jepesi.

Ya kushika mkononi

Kwa majibu, anza na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo linalotumika sasa, kwa sababu ndio unaotufunga sote na dawa zake ndizo zinazoagizwa Bohari ya Dawa. Baada ya hapo kuna kitabu cha antibiotiki cha Shirika la Afya Duniani, kinapatikana bure, na kikokotoo cha Chuo Kikuu cha Liverpool cha mwingiliano wa dawa za VVU, ambacho kimeniokoa mara nyingi: dolutegraviri pamoja na rifampisini, dolutegraviri pamoja na metformini, dolutegraviri pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Pakua kila kinachopakulika kwenye simu. Mtandao utakuangusha saa ile unayouhitaji zaidi.

Usipojua, sema "nitakupigia baada ya nusu saa", na upige hata kama bado hujapata jibu.

Mwisho wa mwezi, kaa na anayepanga mafunzo

Hapa ndipo kazi mbili zinapounganika, na ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi. Ijumaa ya mwisho ya mwezi mimi na daktari anayeratibu mafunzo tunakaa na daftari kwa saa moja. Tunasoma safu ya swali lenyewe kutoka juu hadi chini. Tunachagua jambo moja. Moja, hata kama matatu yanalia.

Tunajiuliza mambo matatu. Je, limejirudia, tena kutoka kwa watu tofauti? Je, likikosewa mgonjwa anaumia? Na je, dawa sahihi ipo stoo? La tatu nililijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilizunguka nikihimiza amoksilini ya kuyeyuka kwa nimonia ya watoto. Watu wakaelewa, wakakubali, wakaanza kuandika. Wiki ya pili ikaisha stoo. Mama wa mtoto anarudishwa dirishani na cheti cha dawa, tabibu anaonekana hajui hospitali yake ina nini, na mimi ndiye niliyemtuma. Ilichukua miezi kadhaa kabla baadhi yao hawajaanza kunisikiliza tena. Siku hizi kabla ya kutangaza mada naangalia leja, naangalia kilichoagizwa na kitakachofika, na nikiona dawa haitatosha tunabadilisha mada au tunapandisha oda kwanza.

Mada ikishapatikana, tafuta picha ya hali ilivyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1993 njia ya kupima matumizi ya dawa kwenye vituo, yenye vipimo vitano vya uandikaji: wastani wa dawa kwa mgonjwa mmoja, kiasi cha dawa zilizoandikwa kwa jina halisi badala ya jina la kampuni, wagonjwa walioandikiwa antibiotiki, walioandikiwa sindano, na dawa zilizomo kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwa utafiti mkubwa unahitaji vyeti 600 au zaidi, na kwa kituo kimoja vyeti 100. Wewe hufanyi utafiti wa kuchapisha. Chukua vyeti 30 vya mada yako tu, kwa mfano watoto walioandikwa kikohozi au nimonia, uhesabu wangapi walipewa sindano. Kama mnatumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za hospitali, muombe mtu wa TEHAMA akusaidie kuvitoa. Namba hiyo moja inatosha.

Mtembelee mtu alipo

Kwa muda mrefu niliamini kwamba karatasi nzuri ikibandikwa ukutani itasomwa. Watafiti Jerry Avorn na Stephen Soumerai walilijaribu jambo hili Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1983. Madaktari wa majimbo manne waligawanywa: wengine walitembelewa na wafamasia waliofundishwa kuzungumza nao ana kwa ana, wengine walitumiwa karatasi tu, wengine hawakupewa chochote. Waliotembelewa walipunguza kuandika dawa zilizolengwa kwa asilimia 14 wakilinganishwa na wasiopewa kitu. Waliopata karatasi tu hawakubadilika kwa kiasi cha kuhesabika. Nilipoisoma nilibandua nusu ya mabango yangu.

Kutembelea kwenyewe kuko hivi. Dakika kumi na tano. Kwenye chumba chake, baada ya foleni ya asubuhi kupungua, usimwite ofisini kwako. Karatasi moja, maandishi makubwa. Huku kwetu usipange ziara wakati wa msimu wa korosho. Wagonjwa hubadilisha saa za kuja, na njia zinajaa malori.

Zahanati moja iko mwendo wa pikipiki saa moja na nusu. Tabibu wake ni mzee, amebakiza miaka michache astaafu, ameanza kazi kabla mimi sijaanza shule.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea dawa?"

"Leo nimeleta swali. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akija na kikohozi na kupumua haraka, wewe unampa nini?"

"Sindano. Seftriaksoni, siku tatu."

Nikamuuliza kwa nini, nikanyamaza. Ukiuliza kwa nini, nyamaza kweli. Akaniambia mama anatembea tangu alfajiri, akipewa vidonge anaona hajatibiwa, atapita duka la dawa akanunue sindano hukohuko. Hilo si suala la kutojua dozi. Laiti ningeanza na hotuba ya usugu wa vimelea, angenisikiliza kwa adabu na kesho angeandika sindano vile vile.

Bahati njema alikuwepo mama mmoja na mtoto wa kilo 11. Tukahesabu pumzi pamoja, dakika nzima kwa saa yake ya mkononi: 46. Kwa umri huo kuanzia 40 ni kupumua haraka. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, kuanzia miezi miwili, ni 50. Hakuwa na degedege, ananyonya, hajalegea, kifua hakibonyei ndani. Angekuwa na dalili za hatari ingekuwa sindano ya kwanza na rufaa, na karatasi yangu ilisema hivyo kwa wino mwekundu. Kwa huyu, amoksilini ya kuyeyuka, vidonge viwili vya miligramu 250 asubuhi na viwili jioni, siku tano. Nikamuomba mzee aviyeyushe mbele ya mama kwenye kijiko cha maji safi, mtoto anywe dozi ya kwanza pale pale. Mama akaona kidonge kinamumunyuka, akauliza kama nyumbani atafanya hivyo hivyo. Mzee akamwelekeza kwa Kimakonde, vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Kabla ya kuondoka tulikubaliana jambo moja: dozi ya kwanza inayeyushwa mbele ya mama. Ukiomba mambo matano utapata kuitikiwa kwa kichwa. Ukiomba moja, unaweza kurudi baada ya mwezi ukaliulizia.

Halafu, nikiwa nimeshavaa kofia ya pikipiki, akasema: "Mwanangu, nina dada hapa ana kijiti cha uzazi wa mpango, na ameanza dawa za kifua kikuu. Kuna shida?" Alikuwa amekaa na swali hilo wiki kadhaa bila kujua amuulize nani. Ipo shida. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya homoni za kijiti na za vidonge, anaweza kupata mimba. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haziathiriki hivyo. Nikaandika kwenye daftari pale pale juu ya tangi la pikipiki, nikampa namba ya dawati, na jioni nikampigia kuhakikisha dada yule ameitwa. Mwezi uliofuata hiyo ndiyo ilikuwa mada, na tulikaa pamoja kliniki ya kifua kikuu na kliniki ya mama na mtoto, watu ambao hawakuwahi kukaa meza moja kuzungumzia dawa.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha njia inavyokwenda pande zote mbili. Dawati lilinipeleka zahanati, na zahanati ikalipa dawati swali ambalo lisingefika kwa simu. Kwa hiyo kila unapotembelea, nenda na daftari, na mwisho wa mazungumzo uliza: "Kuna mgonjwa yeyote anayekuumiza kichwa?"

Kikao cha asubuhi, na siri ya muulizaji

Ziara hazitamfikia kila mtu kila mwezi. Omba dakika kumi za kikao cha asubuhi, mara moja kwa wiki, kwa ajili ya swali moja kutoka kwenye daftari. Leta swali, waache wajibu, kisha leta jibu na ukurasa wa mwongozo.

Lakini chunga. Niliwahi kuleta swali siku moja tu baada ya kuulizwa, na wodi nzima ikajua ni la nani. Sikutaja jina, ila mgonjwa alikuwa bado kitandani. Yule daktari wa mafunzo kwa vitendo hakunipigia tena kwa miezi miwili, na ndani ya miezi hiyo alikuwa akiandika dawa bila kuuliza mtu. Nilimwendea nikamuomba radhi. Sasa swali linakaa wiki tatu au zaidi kabla ya kutoka, nabadilisha umri na wodi, na namuomba ruhusa aliyeuliza. Namba za vyeti pia sizionyeshi kwa majina. Kila mmoja anapewa yake mkononi, ukumbini zinasomwa za kituo kizima.

Waite wauguzi. Tunasema "mafunzo ya waandika dawa", lakini swali la Ringer lililetwa na muuguzi, naye ndiye aliyekuwa ameshika sindano. Kwa wagonjwa waliovuka uchanga seftriaksoni na Ringer zinaweza kutumika, mradi haziendi pamoja na laini inasafishwa kwa maji ya chumvi katikati. Hilo daktari anaweza kulijua vizuri sana na mgonjwa akadhurika, kama muuguzi aliye kando ya kitanda hajaambiwa.

Mambo machache ya ofisini

Mganga Mfawidhi aijue kazi hii mapema, na iingie kwenye ajenda ya Kamati ya Dawa na Tiba. Peleka huko ukurasa mmoja kila robo mwaka: maswali mangapi, mada gani, nini kilibadilika, dawa gani ilikosekana. Kamati inaweza kuamua mambo ambayo wewe peke yako huwezi, kama vile kuondoa seftriaksoni kwenye kabati la wagonjwa wa nje. Dawa hiyo iko kundi la antibiotiki za kuangaliwa kwa karibu katika mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017, wakati amoksilini iko kundi la kuanzia.

Usipokee chakula cha mchana kutoka kwa wakala wa kampuni ya dawa kwa ajili ya mafunzo haya. Hata kama ni wali na soda tu. Ukishaupokea, hutaweza kusema kwa uhuru kuhusu dawa yake.

Na maswali mengine ni taarifa za madhara zilizovaa nguo ya swali. "Mgonjwa amevimba midomo na ulimi, nimpe nini?" Muulize ameanza dawa gani. Akisema enalaprili, kwanza okoa njia ya hewa na simamisha dawa hiyo moja kwa moja, kisha jaza fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, siku hiyo hiyo, wewe na yeye pamoja. Weka fomu hizo droo moja na daftari.

Baada ya miezi mitatu rudia vyeti 30, vya mada ile ile, kwa njia ile ile ya kuvichagua. Kama namba haijasogea, rudi kwa watu uwaulize kimewakwamisha nini kabla ya kuandaa somo jingine. Kule kwa mzee wa zahanati, kikwazo cha pili kilikuwa vyombo. Hakuwa na vikombe safi vya kuyeyushia dawa. Tulipata kumi na viwili kutoka stoo ya wodi, na kwenye daftari niliandika hivyo hivyo: tatizo la uandikaji, limetatuliwa kwa vikombe.

Ukienda likizo, mkabidhi mteknolojia simu na daftari kwa maandishi, ukimwonyesha maswali ambayo bado hayajarudishiwa majibu. Mara ya mwisho nilipoondoka yalikuwa manne. Niliporudi matatu yalikuwa na alama ya vyema, na la nne lilikuwa na maelezo ya penseli pembeni: "Amesema atapiga mwenyewe Jumatatu, mgonjwa anarudi kliniki siku hiyo."